Lugha ya Nyumbani

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nisamehe, daftari. Toka Novemba sijakufungua. Palizi ya pamba, homa za mtoto, uchovu — lakini sababu ya kweli ni kwamba sikutaka kuliandika hili. Nyanjige wangu, miaka saba, shule inasema hawezi kusoma na wenzake.

Leo Mwalimu Hemed kanipa majibu ya upimaji wa Januari. "Haelewi maelekezo rahisi." Wanashauri bweni la watoto wenye ulemavu wa akili, mkoa mwingine. Nimepewa mpaka tarehe 17 kusaini. Nikasema kalamu yangu imeisha wino. Mwalimu akanipa yake. Nikasema basi hata mkono umeisha.

Jumatano, 5 Februari

Nimeenda ofisi ya kata. Kila Jumatano anakaa pale mama mmoja, Joyceline, mshauri wa wazazi wenye watoto kama wangu. Bure. Nilidhani ataniambia la kufanya. Wapi. Kasema yeye si wa shule, si wa hospitali, na mimi hatanichagulia. Kazi yake ni nijue njia zote zilizopo na haki zangu. Nilikasirika. Nilitaka mtu wa kunibebea, nimepewa mtu wa kunisomea.

Akaisoma fomu ya upimaji niliyokuja nayo, taratibu, mstari kwa mstari. Pahali akaweka kidole. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "hapa pameandikwa lugha ya nyumbani ni Kiswahili. Ni kweli?"

Mwandiko ni wangu.

Nyumbani kwetu ni Kisukuma tupu. Nyanjige kalelewa na bibi yake, mama mkwe wangu, kule Nkoma, nimemchukua juzi tu Oktoba. Kiswahili chake ni "shikamoo" na "pipi". Lakini siku ya upimaji dada wa mapokezi alikuwa na kucha nzuri na Kiswahili cha Dar, nikaona aibu. Nisionekane mshamba. Nikajaza Kiswahili. Mtoto akapimwa kwa Kiswahili saa nzima.

Nimemwambia Joyceline yote. Hakunicheka, hakunifariji. Kasema naweza kuomba apimwe upya, ila nieleze kwa nini. Kwa maneno yangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Februari

Mama mkwe kapiga. Mtoto analilia jina la wahenga, anasema; akipewa la mama yake babu, atatulia. Nimemjibu kwa heshima: mama, jina tutazungumza, masikio kwanza. Maana nimeanza kushuku masikio. Nikimwita akiwa kanipa mgongo, hageuki.

Hakufurahi. Kakata simu.

Jumanne, 11 Februari

Nimemwambia Mwalimu Hemed ukweli. Yeye mtu wa Tanga, nikajua atanidharau. Kacheka mpaka kashika meza. "Mama Nyanjige, huu mwaka wa nne niko huku. Wangenipima mimi kwa Kisukuma, saa hizi ningekuwa bweni."

Akamwita Mwalimu Elizabeth, mzaliwa wa hapahapa. Elizabeth akamwambia Nyanjige kwa Kisukuma: chukua kopo, weka chaki ndani, mpe mama. Akafanya yote matatu, macho hayabanduki mdomoni mwa mwalimu. Kisha Elizabeth akaenda nyuma yake, akasema yaleyale, sauti ileile. Hageuki. Mtoto anachora kwa kidole vumbini.

Walimu wakatazamana. Mimi nikaenda kulia chooni. Si huzuni tupu. Akili ipo. Ipo!

Jumatano, 12 Februari

Barua nimeandika, Joyceline kanisaidia kuipeleka kwa wale waliompima. Wamekubali: Jumatatu tarehe 17, saa tatu asubuhi, kwa Kisukuma, na masikio watayapima hapohapo. Tukikosa siku hiyo, nafasi nyingine Juni — na karatasi ya bweni haisubiri Juni.

Kama ni masikio, kuna shule ya lugha ya alama, nayo ni bweni. Au abaki hapa, dawati la mbele, na kifaa cha kusikia kikipatikana. Uzuri na ubaya wa kila njia kauandika pande mbili za karatasi. Nikamuuliza, ungekuwa wewe? "Mimi simjui Nyanjige unavyomjua wewe." Anachosha mwanamke huyu. Nampenda.

Jumamosi, 15 Februari

Jana Elizabeth kajaribu tena. Nyanjige kagoma kabisa, kajifunika uso kwa gauni. Kwa wageni wa Jumatatu itakuwaje? Nimempigia Joyceline. Anasema naruhusiwa kumleta mtu ambaye mtoto kamzoea, aingie naye ndani.

Mtu huyo namjua. Si mimi.

Nimempigia mama mkwe mara tatu. Mara ya tatu kapokea, kasikiliza, kasema mbuzi wake nani atawaangalia. Si ndiyo, si hapana. Nimemtumia ujumbe, jirani yake Mwandu atamsomea. Vyote vipandishwe basi la kesho asubuhi kutoka Nkoma. Ninavyohitaji bado:

Cheti cha kuzaliwa, chenyewe, siyo kopi.

Kadi ya kliniki, ile yenye ukurasa wa homa ya uti wa mgongo, alipokuwa na miaka miwili, maana homa hiyo huweza kuharibu masikio.

Barua ya mwenyekiti wa kitongoji, yenye mhuri, kwamba mtoto alikaa kwa bibi yake miaka mitano, kwenye Kisukuma tupu.

Na mama mwenyewe. Siti ya mbele, nimeshamwomba kondakta. Mbuzi nimeongea na Mwandu, atawachunga mpaka Jumanne.