Besi la Mjomba Owor

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka hapa Nairobi. Goti lako linakuacha ulale? Na wimbi mmeshapalilia, au Apio anasingizia mimba yake? Mimi mwili ni mzima. Lakini kaa chini kwanza, maana nakuandikia habari za kaka yako.

Kazi yangu unaijua: kuzeesha magitaa mapya. Tunayachapa kwa mnyororo, tunayakwangua rangi kwa msasa, mpaka mteja aamini yametoka kwa babu yake. Mjomba Owor alipokuja kukaa nami, alikuja na gitaa lake la besi la ujana, la enzi za bendi yao kule Busia, lililochubuka pale mkono wake ulipozoea kuegemea. Siku alipokuja nalo karakanani kwetu, bosi alilizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. "Mzee, niazime nilipime, tutengeneze mengine kama hili." Mjomba akampa kwa mikono miwili. Njia nzima ya kurudi alikuwa akicheka peke yake.

Jumatatu alikuja kulichukua. Bosi akampa moja tulilotengeneza sisi. Mjomba akalipakata, akabana nyuzi mara moja, akalirudisha.

"Hii si yangu."

"Ni lile lile, mzee. Tena hili halina mende."

"Mimi nataka yangu."

Bosi akanituma stoo. Mama, nilikuta gunia. Walikuwa wamelipasua besi lake kwa msumeno waone unene wa mbao, na vinasa sauti vyake, vile vya chini ya nyuzi, wakavifunga kwenye gitaa la mteja. Sikujua mpaka nilipoingiza mkono ndani.

Nilipomletea gunia, Mjomba alivitazama vile vipande. "Ungeniambia tu," akasema, "nikaiaga."

Bosi akacheka. "Mbao hizo. Na wewe mwenyewe, nani anakukumbuka?" Akamwita askari amtoe nje.

Mjomba aling'ang'ania geti kwa mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, akiomba apewe hata gunia. Askari akalibamiza geti. Niliposikia ukelele nikakimbia, na bosi nyuma yangu akapaza sauti: "Athieno, unakwenda wapi? La mteja bado halijazeeka!"

Sikurudi tena. Hospitalini walimkata vidole viwili. Bosi anasema mzee alijiumiza mwenyewe, na wenzangu wote wamekubali. Wana watoto wa kulisha. Mabesi mapya sasa yanachomwa jina kichwani, OWOR, na wateja wanayagombania.

Mjomba anarudi nyumbani kwa basi wiki hii. Kwaya wakitaka kumpokea kwa gitaa, wazuie. Jana nilimkuta amepakata mto wangu, vidole vilivyobaki vinatafuta nyuzi. Aliponiona akaniuliza kama chumvi imekwisha.

Nisalimie Baba, na Apio na tumbo lake, na shemeji yake wa Lumino anayetuletea samaki. Msalimie pia mke wa Mjomba. Kila siku ananipigia simu kuuliza kama mumewe ameshapata bendi, nami namjibu anatafuta. Mwambie wewe, Mama, kabla basi halijafika.

Ni mimi binti yako,
Athieno