Nimeizima Taa ya Breki ya Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana tangu juzi nafungua gereji na sishiki hata bisibisi, na mimi si mtu wa kukaa bure, mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa kumi na moja huu.

Baba mkwe wangu alistaafu ukarani mwaka jana, na kiinua mgongo chake karibu chote akakimwaga kwenye gari moja la kifahari, yale makubwa marefu yenye injini ya mbio na viti vya ngozi, ambalo wenyewe walikuwa wameshalichoka. Hakuniuliza, na angeniuliza ningemwambia, baba, magari ya aina hii bei yake hushuka lakini spea zake hazishuki, unanunua kwa bei ya mkweche halafu unatengeneza kwa bei ya mfalme. Mtaani wamelibatiza Mheshimiwa, maana likipita kila mtu anasogea.

Mwezi wa pili tu likaanza kulala chini. Gari hilo halina springi za chuma, limekalia mifuko ya hewa, na mifuko ikivuja unalikuta asubuhi limepiga magoti upande mmoja na kompresa ya kujaza hewa inahangaika mpaka inaungua, ikabidi kompresa mpya. Likatulia, halafu mabomba ya maji yaliyojificha ndani kabisa ya injini yakapasuka, ni ya plastiki, kuyafikia tu ni kazi ya siku mbili, halafu kitu kikaanza kugonga chini ya sakafu, kumbe beringi ya shafti. Baba mkwe akauza shamba dogo, akauza na friji ya ziada, na mama mkwe akaanza kuuliza maswali.

Mwezi uliopita ikawaka taa ya breki kwenye dashibodi. Alilileta gereji mwenyewe, nikafungua tairi za mbele, nikaona pedi zimebaki unene wa ukucha, diski zina nyufa, na mpira mmoja wa mafuta ya breki umevimba na una unyevu. Nikampigia hesabu kwenye karatasi, breki za mbele peke yake zingenunua pikipiki mpya na kofia yake. Akaisoma ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, we nizimie hiyo taa tu. Mama yako akiiona atanisema mpaka mwaka uishe."

Mshauri, mzee huyu hakutaka nimuoe binti yake, alisema hawezi kumtoa kwa mtu anayenuka grisi, na miaka sita yote alikuwa ananiita "huyo bwana" hata nikiwa nimekaa naye meza moja. Siku ile ndiyo mara yake ya kwanza kuniita mwanangu. Nikaizima. Kwenye pedi kuna waya mwembamba, pedi ikiisha waya unalika na taa inawaka, basi mimi niliukata waya, nikaunganisha ncha mbili, nikazungushia utepe mweusi, na kompyuta ya gari ikaamini pedi ni mpya. Kazi ya dakika kumi. Nikamwambia asiende nalo mbali, akaitikia, nikajiambia ni wiki moja tu, akipata pesa nitazitengeneza.

Sasa taa haiwaki, na naona yeye mwenyewe ameshajisahaulisha. Anatembea akisema mkwe wangu amelitengeneza, yule ni fundi hasa. Mama mkwe alinishika mikono yote miwili akanishukuru, akaninunulia shati. Ni saizi yangu kabisa, lakini nikilivaa linanikaba.

Jumamosi hii wanakwenda kwa shemeji yangu aliyehamia bondeni, kwenda kuona nyumba mpya. Baba mkwe kwenye usukani, mama mkwe pembeni yake, mke wangu nyuma na mapacha wetu wa miaka minne. Mteremko wa kwenda huko una kona kumi na saba, nilikwenda kuzihesabu, na gari lenyewe ni zaidi ya tani mbili kabla hajapanda mtu. Juzi nililiendesha mpaka sokoni na kurudi, breki ikanitetemekea mguuni, kisha ikazama chini kuliko siku zote, na niliposhuka nikasikia harufu ya kuungua. Nikamwambia, baba, hii safari tungeisogeza kidogo. Akacheka.

"Kwani taa imewaka?"

"Haijawaka, baba."

"Basi."

Nikisema nitarudi kuwa huyo bwana, mama mkwe atajua shukrani zake nilizila bure, na mke wangu atajua nilifanya nini na gari linalobeba watoto wake. Nikinyamaza, siwezi kuimalizia sentensi hii. Nimewaza kutoboa tairi, nimewaza kujilaza nikasema naumwa. Nifanyeje? Na nakuomba sana, ukiichapisha badilisha mambo, sema ni pikipiki, hata sema ni jokofu, kwa sababu mama mkwe anasoma ukurasa wako kila wiki, anaukata kwa mkasi na kuuweka kwenye droo ya vijiko, na atanijua.

Ni mimi, Fundi wa Nyaya

*

Fundi wa Nyaya,

Pole. Naanza na pole kwa sababu hofu yako nimeisoma mara mbili, na kwa sababu baada ya hapa sitakuonea huruma tena.

Baba mkwe alikuambia zima taa. Sawa, amekosa. Lakini koleo la kukatia nyaya lilikuwa mkononi mwa nani? Yule ni karani mstaafu, hajui pedi wala diski, anajua taa tu. Wewe uliuona ufa kwa macho yako, ukalijua jina lake, kisha ukaufunika kwa utepe. Miaka sita umelilia neno moja, na ulipopewa ukalipa kwa roho za watu ambao hata hawakuwepo gereji. Mwana hasa angeficha ufunguo, akasemwa, akatukanwa, akakaa nao.

Mimi magari siyajui, kigari changu nakijua kwa rangi. Kwa hiyo nilimpigia fundi wangu nikamsomea yale uliyoyaona: pedi, nyufa, mpira uliovimba, breki kuzama. Fundi wangu ni msemaji kuliko mimi. Safari hii aliniuliza swali moja tu, "Hilo gari bado linatembea?"

Basi sikiliza. Ukiisoma hii, funga gereji, nenda kwa mzee. Usiende na maneno matupu, najua maneno yatakuishia mlangoni ukishaona uso wake. Nenda na jeki na spana. Msalimie kwa adabu zote unazozijua, kisha fungua tairi la mbele yeye akiwa amesimama hapo hapo. Mwekee ile pedi kiganjani. Kishike kidole chake ukipitishe kwenye ufa wa diski. Mwonyeshe na utepe wako mweusi, usiuruke. Mwambie: baba, taa niliizima, gari sikulitengeneza. Na tairi usilirudishe! Ondoka nalo, kalifungie gereji. Hapo huna haja ya kutoboa kitu kama mwizi.

Akikuita huyo bwana, itika. Mke wako asiambiwe na jirani wala na gazeti, mwambie wewe, leo, na ukubali chochote atakachokuambia.

Kuhusu gharama, breki na mpira wake kwanza, spea za kweli, hata kama itabidi viti vya ngozi viuzwe. Lile la kugonga na lile la kupiga magoti, yakirudi, ni mambo ya starehe na aibu, yatasubiri. Mzee asipoweza breki, auze gari jinsi lilivyo, na mnunuzi aambiwe yote kwa kinywa, wewe ukiwa shahidi. Bondeni mabasi yanakwenda kila siku.

Sasa lile ombi lako la mwisho. Nilianza kubadilisha. Nilikuwa nimeshaandika "jokofu", nikafuta. Barua yako haina tarehe, fundi. Umeandika "Jumamosi hii" na sijui ni Jumamosi ipi, wala bahasha ilikaa posta siku ngapi, na namba ya simu hukuweka. Nimeitoa chini ya rundo nikaipandisha mbele ya watu waliongoja mwezi mzima, ili itoke leo Ijumaa. Kama Jumamosi yenyewe ilishapita, basi mimi pia siwezi kuimalizia sentensi hii.

Siri za watu nimezitunza miaka mingi kwenye ukurasa huu, na nitaendelea kuzitunza. Lakini mtu anayeogopa kweli kusomwa na mama mkwe wake haandiki kwenye karatasi ambayo mama mkwe anaikata kwa mkasi. Ulitaka nimwambie mimi. Haya, namwambia.

Mama, uliyeshika mkasi: usikate kwanza. Umesoma ni gari gani, na umesoma ni kona ngapi. Wajukuu zako wasipande, na wewe usipande, na mzee akisema mbona taa haijawaka, mpe gazeti hili asome. Lakini kabla hajasoma, ufunguo wa Mheshimiwa uko wapi? Uchukue. Uutie kwenye droo ya vijiko, uifunge, kisha vuta kiti ukae mbele yake mpaka mkweo afike na jeki.