Goti Jipya na Jino Lililokuwa Zima

Chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Hujambo? Baridi ya huko imekuachia masikio? Sisi hatujambo, na mimi ndiye mzima kuliko wote: jana nilimchapa seremala kwenye mpira wa meza mpaka akaomba maji.

Haya, si kweli. Nilichapwa mimi, na maji niliyaomba mimi. Lakini nilichapwa nikiwa nimesimama, shemeji! Mwaka jana nilikuwa nashuka kitandani kama gunia linaloshushwa kwenye lori.

Kuumwa, niliumwa, asije mtu akasema nilikuficha. Wiki za kwanza baada ya kubadilishwa goti nililia mpaka dada yako akafunga madirisha, majirani wasidhani ananipiga. Kisha akaja binti wa mazoezi kutoka hospitali, mdogo kama mjukuu wangu, mkali kama mama mkwe.

"Babu, kunja goti."

"Nimekunja."

"Hapo umekunja uso."

Alipoiona cherehani yangu ya miguu akasema, kumbe dawa unayo ndani. Basi nikawa nakanyaga polepole, bila hata uzi. Siku gurudumu lilipozunguka bila mimi kupiga kelele, nilishona mashuka yote ya nyumba hii, hata yasiyochanika.

Daktari amenikataza mpira wa miguu na kurukaruka. Nikamwambia mpira wenyewe ulinikataza zamani. Kutembea, baiskeli, mpira wa meza, ruksa, mradi nisijitie ujana. Kuogelea pia ruksa, ila sikujua kuogelea hata nilipokuwa na magoti yangu mwenyewe.

Sasa kila Jumamosi niko kwenye karakana ya seremala, kwenye ile meza aliyoiunda mwenyewe, inayoinamia upande wangu, mwizi yule. Goti likilia ka!, anasema bawaba inataka mafuta. Alitaka kumleta mkwewe tucheze wawili wawili, mkwe awe upande wangu. Nikakataa. Nafasi ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Lakini dada yako alikusikia kwenye simu ukienda kufungua mlango. Alisikia mkongojo, akasikia pumzi zako, kisha ukajichekesha. Siku ile hakula. Mimi kicheko hicho nakijua, nilikicheka miaka. Unasema unaogopa kisu, nani asiyekiogopa? Asubuhi ya kwenda hospitali nilijifungia chooni, dada yako akanitoa kwa kutishia kuita majirani.

Msalimie mkeo na watoto, na yule kitinda mimba aliyepata bahati mbaya ya kufanana nawe. Mama yenu anasema ule ushibe. Mungu akulinde, na akuongezee akili pale alipobana.

Ila kuna deni. Tulipokuwa vijana uligoma kuingia kwa daktari wa meno mpaka mimi nikae kwanza, uone kama inauma. Nikakaa. Akang'oa langu, nalo lilikuwa zima! Sijawahi kukudai. Leo nadai: nenda kwa daktari wa magoti akutazame tu. Usiogope, shemeji. Hata safari hii nimeshatangulia kukaa kitini.

Shemeji yako akupendaye,
mwenye goti jipya na pengo la zamani.