Baba Hakufa, Alipotea

S.L.P. 88,
Rongo.
9 Mei 2025

Mpendwa kaka Paul,

Nakusalimu sana. Natumai umeanza kula tena na bahari imewatulia. Huku Mama ni mzima, mahindi yamepata mvua, na Baba leo ameamka akaitisha uji kama kawaida yake.

Nilikuomba msamaha kwa barua pepe, lakini naona haitoshi, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono. Wakala wa meli yenu huko Mombasa ameniahidi utaipata meli ikitia nanga.

Siku ile nilimpeleka Baba Kisegi kwa shangazi Jedidah. Usahaulifu wake umezidi, kaka. Tulipopitia sokoni niliinama kuchagua dagaa wa omena, kuinuka hayupo. Mimi na watu wa soko tulimtafuta hadi ufuoni mwa ziwa. Kwa kuwa huko melini hupatikani kwa simu, nikakuandikia mbiombio: "Kaka, tumempoteza Baba leo Kisegi. Tuombee." Nikatuma bila kuisoma, na simu ikaisha chaji.

Mimi huyu, ambaye ofisini barua pepe ya mkubwa haitoki kabla sijaisoma na kuirekebisha. Yako ningeipitia mara moja tu, ningeandika "amepotea".

Jioni tulimkuta ndani ya kanisa, amelala kwenye benchi, viatu amevipanga chini. Kwa ile furaha nikasahau kabisa kukuandikia. Asubuhi nikawasha simu nikakuta jibu lako: "Mwili uko wapi?"

Nilikaa chini, Paul. Usiku kucha ulikuwa na msiba ambao haupo. Uliniandikia baadaye kuwa ulilia, ukanyoa nywele za matanga, wenzako wakakuombea, nasi huku tunakula samaki na kucheka. Hata sasa nikifumba macho nakuona ukisoma maneno yangu peke yako.

Nilimweleza Baba. Akauliza, "Paul alilia?"

"Alilia, Baba."

"Basi mwambie aje nikiwa bado namjua."

Likizo yako ni lini? Usiniambie "tutaona". Nitajie mwezi, nimwambie kila asubuhi, hata akisahau.

Mama anakusalimu, shangazi Jedidah na mwanawe Frankline pia. Mungu akulinde majini na akurudishe kwetu salama. Ukiweza, nisamehe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukosea,

Roseline