Injini Haikutoka

Malindi, Mji Mkongwe
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa Dada yangu Nassra, Wete,

Assalaam alaykum, na shikamoo Dada. Naomba waraka huu ukukute umekaa kwa raha, wewe na shemegi na wanao, na wale mbuzi wako waliokuwa na kikohozi nao wawe wamepona. Mimi mwili hauna neno. Mama naye hajambo, anakula, anaswali, na leo tokea asubuhi anatwanga bizari. Hilo la kutwanga nitakuja kulieleza. Ukiona vumbi jeupe kwenye karatasi, lipanguse usome, nalo nitalieleza.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi, na simu mkononi unayo. Nina sababu yangu. Nakuomba kitu kimoja tu: usiruke mistari. Wewe tokea chuo cha Kurani ulikuwa ukisoma mwanzo na mwisho ukajifanya umekhitimu. Hii isome yote, isome peke yako, na usimpigie Mama simu mpaka ufike chini kabisa.

Unakumbuka tulipomzika Baba, Mama alipoanza kukaa eda, alisema kwamba siku atakayotoka miguu yake haitokanyaga njia. Atatoka kwa mlango wa ghala, ndani ya Zefa, ile gari ya Baba, kama alivyoletwa nyumba hii akiwa bibi harusi. Sote tulisema inshaallah. Kisha wewe ukapanda boti ukarudi Pemba, na ile inshaallah ukaniachia mimi. Eda yenyewe inakwisha Ijumaa hii.

Gari ilikuwa pale pale inapolala siku zote, ghalani, chini ya chumba cha Mama, palipokuwa pakiwekwa karafuu za Babu. Juu nzuri, imeng'ara, ungesema imetoka bandarini jana. Lakini sampo imeoza. Sampo ni lile bakuli la chuma linalokaa tumboni mwa gari likabeba oili ya injini. Hewa ya chumvi ya hapa Malindi inakula chuma kama mchwa, na Baba, Mungu amrehemu, kila ikivuja alikuwa akiziba kwa sabuni ya mche. Sabuni juu ya sabuni, mwaka juu ya mwaka. Mimi nilipoigusa kwa bisibisi, bisibisi ikazama kama kwenye mkate wa boflo, na oili yote ikanimiminikia kichwani. Mpaka leo nywele zangu zinang'ara na mvi hazionekani. Majirani wananiuliza natumia dawa gani.

Nikamwita Mbarouk, yule fundi magari wa Kikwajuni. Akalala chini, akatazama, akatoka akasema kwamba chini ya sampo kuna chuma kinene kinachoikata gari upande hadi upande, kwa hivyo sampo haipiti mpaka injini itolewe nzima ipelekwe kwake. Na kwake, Dada, zimo injini zilizoingia mimi bado navaa kaptura. Nikamwambia kwamba sampo nitaitoa na injini haitotoka. Alicheka mpaka akakohoa. Akenda akatangaza barazani kwamba Mcha anataka kumtoa mtu utumbo bila ya kumfungua shati. Tokea hapo kila nikipita naulizwa mgonjwa kaamkaje.

Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyenyanyuliwa na tiara la yule Mzungu pale Paje, nikapaa mpaka nikauona msitu wa Jozani wote, nikashuka na kiatu kimoja. Mimi ndiye niliyeiwasha mashine ya boti kule Matemwe kwa mkanda wa suruali. Mtu kama mimi hachekwi na Mbarouk.

Nikenda Darajani kwa Zulfikar, yule wa duka la spea la marehemu babake. Sampo ya Zefa ilikuwa juu ya rafu tokea enzi za huyo mzee, imefungwa ndani ya gunia, imepakwa grisi kama maiti ya mfalme. Zulfikar alinambia kwamba babake alikuwa akisema kila spea ya zamani ina mtu wake, inamngojea. Nikamjibu kwamba mtu mwenyewe ndiye huyu, kafika.

Sasa sikiliza kazi ilivyokwenda, maana hapa Unguja hakuna aliyewahi kuifanya, na bara nadhani pia hakuna. Nilivua boneti. Nikatoa feni isije ikaila rejeta. Nikafungua nati za mipira inayokaliwa na injini, kulia na kushoto, ili injini isishikwe na kitu. Kisha nikatundika mnyororo wa kunyanyulia kwenye boriti ya katikati, ile nene aliyokuwa Babu akitundikia mizani yake. Karafuu zote zile zilipimwa pale na boriti haikulalamika. Nikavuta. Injini ikagoma. Nikavuta tena, safari hii kwa bega na kwa jina la Mungu. Usi, muuza kahawa, alikuwa kasimama mlangoni na birika lake, na yeye ni shahidi wangu: magurudumu ya mbele yaliacha ardhi, Dada. Gari nzima ilining'inia kama papa kwenye ndoana. Usi alipiga takbira, kahawa ikamwagika. Kikaanguka kivumbi kidogo kutoka juu. Nikasema panya.

Basi nikashusha, nikaingia chini nikatengeneza hili na lile, nikavuta tena, injini ikapanda peke yake kiasi cha shubiri. Boliti za sampo nikazitoa zote, nyengine kwa spana, nyengine kwa matusi. Sampo ikashuka nusu ikakwama. Mbele imezuiwa na kile chuma, ndani imezuiwa na krenki, ule mhimili wa injini unaozunguka. Hapo ndipo mafundi wote hurudi makwao. Mimi nikaizungusha krenki kwa mkono, taratibu, mpaka kiwiko chake kikapanda juu kikanipisha. Nikapenyeza vidole ndani, sioni kitu, nikalifungua lile bomba linalovuta oili, likaangukia ndani ya bakuli. Nikaivuta sampo kwa nyuma, ikatoka kama mtu anavyovuliwa kanzu. Mpya ikaingia kwa njia ile ile na gasketi yake. Nikaikalisha injini mahala pake, nikatia oili, nikaiwasha.

Dada, iliunguruma sauti ile ile uliyokuwa ukiisikia ukakimbilia kushika msahafu, ili Baba akukute unasoma. Mama juu akaacha kutwanga. Halafu nikamsikia analia. Chini halikudondoka hata tone. Nikatoka barazani nimepaka oili mpaka kwenye ndevu, nikatangaza kwamba injini haikutoka, na kwamba Ijumaa, Mama anapotoka, Mbarouk aje amfungulie mlango wa gari kwa mkono wake mwenyewe, watu wote wakiona. Akakubali.

Hapo ndipo kisa kinapokwisha ninapowasimulia watu. Sasa nakuandikia kipande ambacho sijamsimulia mtu.

Nati ya kushoto sikuifungua. Niliisahau. Ndiyo maana injini iligoma, na ndiyo maana gari nzima ilinyanyuka. Si kwa nguvu zangu. Uzito wote ule ulikuwa juu ya boriti ya Babu, na boriti ile, upande inakoingia ukutani, kumbe imeoza ndani kwa maji ya choo cha juu. Nje imepakwa chokaa nzuri, huwezi kujua. Gari ilipokuwa inaning'inia nilisikia mlio mmoja, mfupi, kama mtu kavunja muwa kwa goti. Niliusikia, Dada. Nikaendelea, kwa kuwa Usi alikuwa anatazama.

Kesho yake mlango wa ngazi ukawa haufungi. Nikaupiga randa, nikasema ni unyevu. Jana asubuhi nimeingia ghalani nimeikuta boriti imepasuka katikati, pale pale nilipotundika mnyororo, imeteremka tumbo, na mawe ya dari yametoa meno. Uani palikuwa na gogo nene la mkandaa lililobaki tulipoezeka banda. Nikaliburura nikalisimamisha chini ya ule mpasuko. Na chini ya ule mpasuko kuna nini? Kuna injini. Gogo limesimama juu ya injini ya Baba, nami nimeshindilia mawe chini ya gari isije ikazama kwenye springi zake. Kitanda cha Mama, kabati lake la mninga, kinu chake na yeye mwenyewe, wote wameikalia ile gari. Nilijisifu kwamba injini siitoi. Sasa haitoki. Gari ikisogea kidogo tu, nyumba inateremka.

Nimemleta Mkadam, fundi wa nyumba za mawe. Ukutani kuna ufa umepanda kutoka kwenye boriti mpaka dirishani kwa Mama. Mkadam akabandika kiraka cha chokaa juu ya ule ufa, akanambia kwamba kiraka kikikatika nijue ukuta unatembea. Alikibandika asubuhi ya leo. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, kilikuwa kimekatika vipande viwili. Alinishika mkono akanitoa nje ndipo akasema, na alisema kwa sauti ya chini kama tuko kwa mgonjwa. Watu watoke kwanza, alisema. Nguzo hazipigwi mtu akiwa juu, maana nyundo ya kwanza inaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Mama hataki kutoka.

Nilipanda nikamweleza yote. Alinitazama, akaniuliza kama nyumba itaanguka kabla sijapaa na tiara au baada yake. Akasema kwamba kabakisha siku chache za eda, na hatotoka nyumba aliyofiwa na mume kwa ajili ya hadithi za Mcha. Nikamwambia kwamba dharura inaruhusiwa. Akataka kujua tokea lini nimekuwa shekhe. Mkadam, kwa kuwa si maharimu wake, alisimama kwenye ngazi nyuma ya mlango akamweleza kila alichokiona. Mama akamwuliza wenye hoteli wamempa nini. Unakumbuka mwaka ule niliposema kwa mzaha kwamba nyumba tuwapangishe wageni, sisi tuhamie Chukwani. Mimi nilishasahau. Yeye hakusahau.

Nikamwomba basi angalau asitwange. Nikamletea bizari ya dukani, imeshasagwa. Akainusa, akanirudishia, akachukua mchi akatwanga kwa nguvu zaidi ili nisikie. Kila mchi ukishuka, gogo linalia juu ya injini. Nakuandikia nimekaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi, nalisikia. Vumbi lililomo kwenye karatasi hii linatoka juu yangu sasa hivi.

Ndiyo maana sikukupigia simu. Ukimwambia kwa simu atasema nimekufundisha, kisha ataapa, na Mama akishaapa humtoi hata kwa winchi ya bandarini. Anayesadikiwa na Mama ni wewe peke yako. Hajawahi kukukuta na uongo hata mmoja, na mimi hajawahi kunikuta na kweli. Njoo mwenyewe kwa boti ya kwanza utakayoipata. Pitia kwa Bi Tabia, yule aliyemkalisha eda, mje pamoja, yeye amwambie la sheria na wewe umwambie la nyumba. Mumtoe kwa mlango wa uani. Atoke kwa miguu yake. Habari ya gari tumwombe radhi baadaye, akiwa hai wa kutukasirikia.

Najua sasa hivi unajiuliza lile lile aliloniuliza Mama. Basi nakwambia: tiara la Paje lilinikokota mchangani hatua chache tu, na kiatu chenyewe kilikuwa kandambili. Mashine ya boti Matemwe aliiwasha mwenye boti, mimi nilishika tochi. Nimekupa hizo zote mbili, Dada, ili hii unisadiki.

Bado moja. Asubuhi ya leo Mbarouk alikuja na watu wa barazani wakagonga mlango wa ghala. Akasema kwa sauti kwamba nimefunga kwa kuwa gari imekufa, na kwamba kama kweli ni mwanamme niitoe pua tu, waione, waondoke zao. Watu wakacheka. Usi naye alicheka, yeye aliyepiga takbira. Mkono wangu ukaingia mfukoni. Nakuapia, nilikuwa nshaushika ufunguo, na kwa muda ule sikumkumbuka Mama wala gogo, nilimkumbuka Mbarouk tu. Kilichonizuia ni mchi. Mama alishusha mchi mmoja, vumbi likaniingia machoni.

Naijua nafsi yangu, na kutoka leo mpaka Ijumaa watacheka mara nyingi. Kwa hivyo ufunguo wa Zefa umo ndani ya bahasha hii, nimeufunga kwenye kitambaa. Mwengine hakuna, ule wa pili Baba aliupoteza zamani. Arif, mtoto wa Zulfikar, anakuja huko kwenye arusi na atakukabidhi mkononi, yeye anadhani nakuletea dawa ya mbuzi. Usinirudishie, hata nikikuomba, hata nikikulilia, mpaka umwone Mama kasimama nje kwenye jua.

Nisalimie shemegi na wajukuu wa Baba mmoja mmoja kwa jina lake. Waambie mjomba wao akija atawasimulia, lakini watakaosadiki wangoje mama yao athibitishe. Mungu atukutanishe nyumba ikiwa imesimama.

Mimi nduguyo,
Mcha

Nilikuwa nshaikunja barua, Mama akaniita. Nikamwitikia naam. Ananiuliza nani kapanda juu akalifungua kabati lake, maana milango yote miwili imefunguka wazi. Hakuna aliyepanda, Dada. Ngazi nimeikalia mimi.