Fundi Hajakosea

Mwaka mzima umetimia, Baba, tangu ulipojilaza mchana ukisema unapumzisha mgongo kidogo, tukaja kukuamsha unywe chai usiamke. Nyumba imekuwa kubwa mno. Mama anakula mezani peke yake, na kiti chako hakuna anayekikalia.

Ulikuwa fundi wa duka la matrekta kwa miaka ishirini na sita, na mwenye duka hakuacha kukulalamikia. Mteja anakuja akitaka trekta kubwa, wewe unamuuliza shamba lake lina ekari ngapi, kisha unamwambia mbele ya bosi wako, "Chukua lile dogo, hili litakula dizeli yako bure." Haya hukuwa nayo kabisa! Ndiyo maana wakulima walikuamini.

Matrekta ya mbali uliyatibu kwa simu, na salamu ulizipiga marufuku. "Habari za nyumbani baadaye. Kwanza sogeza simu kwenye injini niisikie." Tulikuwa tunacheka, maana sisi wanao tukikupigia ulituuliza hali mpaka salio likaisha.

Mama hakuweza kuifunga simu yako. Wala hakuweza kulitamka lililotokea. Taarifa za msiba zote alizitoa shangazi. Msimu wa kulima ulipofika, mkulima mmoja wa mbali, ambaye habari hazikumfikia, akapiga. Hakusalimu, kama ulivyomfundisha. Mama akasikia trekta linakohoa, linazima, linawaka tena kwa taabu. Alikuwa amekusikia mara nyingi ukijibu mlio kama ule, basi akasema, "Fundi anasema ubadilishe chujio la dizeli."

Tulimwonea huruma, hatukumwambia kitu. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Baada ya siku mbili yule mkulima akapiga tena. Chujio amebadilisha, trekta limegoma kabisa, nusu ya shamba haijalimwa na mawingu yameshatanda.

"Shemeji, mwambie Fundi safari hii amekosea," alisema. "Miaka yote hajawahi. Au ndiyo uzee?"

Ungeuona uso wa mkeo, Baba. Kusema umekufa kulikuwa kumemshinda, lakini kusikia umekosea kulimshinda zaidi.

"Fundi hajakosea," akasema. "Fundi amefariki. Aliyekosea ni mimi."

Mkulima akaanza kumpa pole. Mama akamkatiza, akamsomea namba ya fundi mwenzako wa dukani, taratibu, mara mbili, kwa sababu mvua haisubiri. Alipokata simu akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, nasi tukalia naye. Mwenzako alikwenda jioni ileile. Kumbe bomba la dizeli lilikuwa linavuta hewa.

Tangu siku hiyo kila anayepiga simu, Mama anamwambia mwenyewe. Habari imeenea mashamba yote. Sasa ni wiki ya sita simu yako haijaita, na kila asubuhi Mama anaichaji.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako, mafundi wenzako wa karakana, na wajukuu zako, akiwemo wa miezi minne ambaye hukumpakata. Maadamu tuko hai, Baba, hatutakusahau.