Mchoro wa Neema wa Malori ya Mpakani

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Mlowo tu wazima, na bibi yako yuko shambani anachuma kahawa. Umeuliza kwa nini mwalimu wako anadai mchoro kabla ya kuandika programu ya kompyuta.

Ujanani, pale Tunduma, mimi na mwenzangu Neema tuliunda programu ya kupanga malori yanayovuka mpaka. Neema alichora kila hatua ukutani, na sababu yake pembeni. Alipokwenda kujifungua, likaja lori la vifaranga, programu ikaliweka nyuma ya foleni.

"Kaka, wameanza kufa," dereva akaniambia.

Mchoroni nikasoma: "Nyanya zitangulie, joto linaziozesha." Hapo nikajua pa kuongeza vifaranga kwenye programu, maana nao joto huwaua. Wakavuka wakilia.

Neema hatukumsumbua. Alikuwa amelala na mwanawe mchanga.

Babu yako